Sura ya 7: Mtu Mzima na Riwaya za Vijana

Swali ninaloulizwa na wasomaji mara nyingi kuliko yote ni hili: nisome nini sasa? Anayeuliza huwa alimaliza shule zamani na anapenda vitabu, lakini akisimama mbele ya rafu hajui ashike kipi. Jibu langu ni lilelile kila mara. Chagua tuzo moja ya riwaya za vijana, tafuta orodha ya washindi wake tangu mwaka wa kwanza, kisha isome kitabu baada ya kitabu. Hapo huja swali la pili, linaloulizwa kwa mshangao: mimi, na umri huu, nisome vitabu vya watoto wa sekondari?

Ndiyo, usome. Mimi nimefanya hivyo, na orodha hiyo imenifundisha kusoma upya.

Riwaya ya vijana, kwa maana ninayoitumia hapa, ni riwaya iliyoandikwa ikimkusudia msomaji wa miaka 12 hadi 18. Mhusika mkuu huwa wa rika hilo, na mambo yote tunayaona kwa macho yake. Nchini Marekani wengi huanza kuhesabu na The Outsiders ya mwaka 1967. S.E. Hinton aliiandika akiwa bado mwanafunzi wa sekondari mjini Tulsa, Oklahoma, na ilipochapishwa alikuwa na miaka 18. Kwetu pia zipo riwaya zinazoishi katika umri huo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, inamfuata msichana wa Ukerewe anayetoka kwenye mkono mzito wa baba yake. Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, inamfuata Kongowea Mswahili, kijana anayeondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Wengi wetu tulikutana na vitabu vya aina hii darasani, tukavisoma huku mtihani ukitusubiri.

Na mtihani, kama nitakavyoeleza, ndiyo sababu kubwa ya kuvirudia vitabu vya rika hili tukiwa watu wazima.

Tuzo niliyoifuata

Nilichagua tuzo ya Michael L. Printz ya Marekani. Printz alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari mjini Topeka, Kansas, mtu aliyeamini kwamba kijana akipewa kitabu kizuri atakisoma. Alifariki 1996, na tuzo yenye jina lake ikatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Inasimamiwa na tawi la vijana la chama cha wakutubi wa Marekani. Kila mwaka kamati ya watu tisa husoma vitabu vilivyotoka mwaka uliotangulia, hubishana, kisha huchagua mshindi mmoja. Inaweza pia kutaja vitabu hadi vinne vya heshima, yaani vilivyokaribia ushindi.

Tuzo ziko nyingi. Uingereza ina nishani ya Carnegie, iliyoanzishwa 1936. Ujerumani ina tuzo yake ya fasihi ya watoto na vijana, na mwaka 1992 iliwahi kwenda kwa Mkenya, Meja Mwangi, kwa hadithi ya Kariuki, mtoto wa Kiafrika anayefanya urafiki na mtoto wa Kizungu siku za vita vya Mau Mau. Niliichagua Printz kwa sababu ya kanuni yake moja. Kamati inaambiwa wazi kwamba umaarufu wa kitabu si kigezo, wala ujumbe wake si kigezo. Kinachopimwa ni ubora wa uandishi tu.

Kanuni hiyo inamgusa msomaji wa Kiswahili mahali panapouma. Tangu kidato cha kwanza tumeulizwa swali moja kwa namna mbalimbali: mwandishi anatoa ujumbe gani, jamii inajifunza nini, dhamira kuu ni ipi. Tukajifunza kukimbilia jibu kabla hadithi haijatuingia. Mtu anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa ameorodhesha dhamira za vitabu sita na asikumbuke hata ukurasa mmoja uliomtia hofu. Sisemi ujumbe hauna maana. Ninachosema ni kwamba msomaji anayeanza na ujumbe hukikosa kitabu chenyewe, na nilitaka orodha iliyotungwa na watu waliokatazwa kuanzia hapo.

Kanuni hiyo pia ndiyo inayoeleza kwa nini vitabu vingi vilivyouzwa kwa mamilioni havimo miongoni mwa washindi. Twilight haimo. The Hunger Games haimo. The Book Thief ya Markus Zusak, iliyosomwa dunia nzima, ilitajwa kwa heshima tu mwaka 2007, na mshindi akawa kitabu cha katuni, American Born Chinese cha Gene Luen Yang. Nimevisoma vyote viwili, na naungana na kamati. Yang anasimulia hadithi tatu ambazo hazielekei kuhusiana: mfalme wa nyani wa ngano za Kichina, mtoto wa wahamiaji anayetaka kufanana na Wazungu wa darasani kwake, na kijana anayeaibishwa na binamu yake. Zinapokuja kuungana, msomaji hurudi mwanzo kutazama picha alizozipita haraka.

Mshindi wa kwanza: kesi isiyo na jibu la mtihani

Orodha inaanza na Monster ya Walter Dean Myers. Myers alikulia Harlem, New York, akaacha shule na kuingia jeshini akiwa na miaka 17. Mhusika wake, Steve Harmon, ana miaka 16 na yuko mahabusu. Anadaiwa kuingia katika duka la dawa kuangalia kama kuna polisi kabla ya wenzake kuja kuiba, na katika wizi huo mwenye duka akauawa. Steve alikuwa akisomea utengenezaji wa filamu shuleni, basi anaiandika kesi yake kama filamu: nani anaingia, kamera inatazama wapi, wakili anasema nini. Katikati ya filamu kuna kurasa za shajara, yaani daftari lake la siri, zenye herufi za mkono na hofu ya usiku wa gerezani.

Ukiuliza ujumbe wa Monster, jibu la mtihani liko tayari: vijana wajiepushe na makundi mabaya. Mwalimu atatoa alama. Lakini jibu hilo halikigusi kitabu. Myers amepanga hadithi kwa namna ambayo kila tunachokiona kimechaguliwa na Steve mwenyewe, na Steve ana kila sababu ya kuchagua kinachomsafisha. Je, aliingia dukani kwa kazi ile au hakuingia? Kamera yake inageuka pembeni pale tunapotaka iangalie. Nimekisoma mara mbili, na katika usomaji wa pili nilibadilisha hukumu yangu. Mzee wa baraza aliyewahi kukaa mahakamani akisikiliza shahidi anayezungumza vizuri kupita kiasi ataielewa hali hii mara moja.

Kijana wa miaka 14 anaweza kusoma Monster kwa siku mbili, sentensi zake ni fupi. Wepesi huo wa lugha hauna uhusiano na wepesi wa fikra, na hili ndilo ambalo watu wazima wengi hawalijui kuhusu riwaya za vijana. Mwandishi wa vijana hawezi kujificha nyuma ya kurasa hamsini za maelezo. Msomaji wake atakifunga kitabu na kwenda kucheza mpira.

Angela Johnson alithibitisha jambo hilo katika The First Part Last, mshindi wa 2004, kitabu chembamba unachoweza kukimaliza ukisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Bobby ana miaka 16 na analea binti yake mchanga. Sura zinapokezana, moja ya sasa, moja ya zamani, na muda wote msomaji anajiuliza mama wa mtoto yuko wapi. Hakuna mahali mwandishi anamhukumu Bobby. Tunamwona tu akiwa amechoka, amesinzia, akimpenda mtoto wake.

Kwa ufupi, hadi hapa

- Riwaya ya vijana hulenga msomaji wa miaka 12 hadi 18, lakini haimfungii mlango mtu mzima.
- Tuzo ya Printz, iliyoanza 2000, haipimi umaarufu wala ujumbe.
- Ukisoma orodha nzima, unalazimika kusoma vitabu ambavyo usingevichagua mwenyewe.

Hoja hiyo ya tatu inahitaji kuelezwa zaidi.

Faida ya kuchaguliwa

Msomaji akiachiwa uhuru wote hurudi palepale. Anayependa upelelezi husoma upelelezi hadi azeeke. Orodha ya tuzo inakunyang'anya usukani kwa muda. Mimi nisingenunua kitabu kinachohusu msichana wa miaka 14 mwenye mapenzi ya kufikirika na mvumbuzi wa Ncha ya Kusini aliyefariki zaidi ya miaka 90 kabla. Ndicho The White Darkness cha Geraldine McCaughrean, mshindi wa 2008, na baridi yake ilinifanya nivute shuka ingawa nilikuwa nikisomea pwani. Nisingechagua pia Ship Breaker ya Paolo Bacigalupi, mshindi wa 2011, inayosimulia watoto wanaotambaa ndani ya meli kuukuu za mafuta wakichomoa nyaya za shaba, katika siku zijazo ambapo bahari imemeza miji. Bacigalupi ameuweka ufuo wake Marekani, lakini kazi yenyewe ipo leo, huko Alang nchini India na Chittagong nchini Bangladesh, ambako meli zilizochakaa huvutwa ufukweni na kukatwakatwa vipande kwa mikono ya maskini.

Si kila mshindi atakupendeza. Going Bovine ya Libba Bray, mshindi wa 2010, inamchukua kijana mwenye ugonjwa wa ng'ombe wenye kichaa na kumpeleka safari ndefu inayofuata nyayo za Don Quixote. Mwanzo wake unachangamka, mwisho wake unauma, lakini katikati safari inazunguka hadi inachosha, na ningekata robo yake. Nasema hivyo kwa makusudi. Msomaji wa orodha ya tuzo si lazima akubaliane na majaji. Watu tisa walibishana hadi wakafika mahali, nawe una haki ya kuuendeleza ubishi huo nyumbani kwako ukiwa na kitabu mkononi na hoja zako.

Mama wa Pate, binti wa Harlem

Mshindi wa 2019 ni The Poet X ya Elizabeth Acevedo, na ndicho kitabu ninachowapa kwanza wasomaji wa Kiswahili. Ni riwaya ya beti, maana yake hadithi yote imeandikwa kwa mashairi badala ya aya za nathari. Xiomara ni binti wa wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika, anaishi Harlem, na mama yake ni Mkatoliki mwenye imani kali asiyemruhusu binti kupumua. Kila anachoshindwa kusema kwa mdomo anakiandika kwenye daftari. Siku mama anapolipata daftari lile, analichoma moto. Kitabu hicho kilishinda pia nishani ya Carnegie mwaka huohuo, na Acevedo akawa mwandishi wa kwanza asiye Mzungu kuipata tangu ilipoanzishwa.

Wasomaji wengi wa Marekani huiona riwaya ya beti kama kitu kipya. Kwetu hadithi ndefu ya beti ni mali ya zamani. Tenzi za pwani zilisimulia vita, safari na maisha ya mitume karne kadhaa kabla Acevedo hajazaliwa. Isitoshe, mojawapo ya tenzi zetu maarufu kuliko zote ni maneno ya mama kwa binti yake. Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate, aliutunga utenzi wake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, akamwachia binti yake wosia wa dini, adabu, usafi na namna ya kuishi na mume.

Nilipomaliza The Poet X niliurudia Utenzi wa Mwana Kupona, na nikausikia tofauti. Katika utenzi anazungumza mama, na binti yuko kimya. Ameambiwa akae kitako achukue wino na karatasi, aandike. Kitabu cha Acevedo kinampa kalamu binti, na mama ndiye asiyesikika vizuri hadi karibu na mwisho. Kazi hizi mbili zinatoka katika dini tofauti na bahari tofauti, na sidhani Acevedo alimfikiria Mwana Kupona hata kidogo. Hata hivyo, ukizisoma wiki moja, utajiuliza yule binti wa Pate angeandika nini baada ya mama kunyamaza. Mwalimu wa kidato cha tatu akiwapa wanafunzi wake zoezi hilo, atapata insha ambazo hazipo katika kitabu chochote cha majibu.

Waliokimbia na waliokataliwa

Kuna jambo huwezi kuliona ukisoma kitabu kimoja kimoja bila mpango. Orodha inasogea. Mwaka 2002 ilishinda A Step from Heaven ya An Na, juu ya mtoto wa Kikorea anayefika California na kudhani Marekani ndiko mbinguni. Mwaka 2013 ikaja In Darkness ya Nick Lake, inayomkuta kijana chini ya kifusi cha hospitali baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010. Mwaka 2022 ikaja Firekeeper's Daughter ya Angeline Boulley, iliyojaa maisha ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo la maziwa makuu ya Marekani. Mwaka 2023 ikaja All My Rage ya Sabaa Tahir, inayoanzia Lahore, Pakistani, na kuishia katika hoteli ndogo jangwani California. Sauti za wahamiaji na wenyeji wa asili, zilizosikika mara mojamoja mwanzoni, zimekuja kukaa katikati ya orodha.

Daniel Nayeri, mshindi wa 2021 kwa Everything Sad Is Untrue, alikimbia Irani akiwa mtoto pamoja na mama na dada yake, akaishia Oklahoma. Katika kitabu chake anasimama mbele ya darasa lisilomwamini na kusimulia kama Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, hadithi ikizaa hadithi, ili tu asifukuzwe katika mioyo ya wanaomsikiliza. Waliokulia kwenye masimulizi ya bibi watakisoma kitabu hiki kwa masikio.

Kisha kuna March: Book Three, mshindi wa 2017, kitabu cha katuni kilichoandikwa na John Lewis na Andrew Aydin, kikachorwa na Nate Powell. Kinasimulia maisha halisi ya Lewis katika harakati za haki za Weusi, hadi siku ya 7 Machi 1965 alipopigwa na polisi darajani Selma, Alabama. Kabla ya hapo, mwaka 1956, Lewis akiwa na miaka 16, yeye na ndugu zake walikwenda maktaba ya umma katika mji wa Troy kuomba kadi za kuazimia vitabu. Wakaambiwa maktaba ni ya Wazungu tu. Novemba 2016, akiwa mbunge, alisimama New York kupokea tuzo ya taifa ya vitabu kwa kitabu hichohicho, akaikumbuka siku ile na akalia mbele ya watu. Januari iliyofuata, chama cha wakutubi wa nchi ileile kilikipa kitabu chake tuzo nne kwa mkupuo. Lewis alifariki Julai 2020.

Ukitaka kuanza

Huhitaji fedha nyingi wala ratiba kali. Haya ndiyo yaliyonisaidia:

1. Anza na mshindi wa kwanza ili uione orodha ikikua. Ukikosa kitabu, kiruke, utakirudia.
2. Tafuta kwanza kwa wauza vitabu vya mitumba, maktaba za mkoa au kaunti, na maktaba za mtandaoni zinazoazimisha bure.
3. Andika hukumu yako kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine. Sentensi tatu zinatosha: kilinishika wapi, kilinipoteza wapi, ningempa nani.
4. Soma na kijana mmoja. Mpe kitabu, usimwulize amejifunza nini. Mwulize ni ukurasa gani asioweza kuusahau.

Hilo la nne ndilo zito. Kijana akijua hafanyiwi mtihani, huzungumza.

Na orodha yetu?

Vitabu nilivyovitaja hapa karibu vyote ni vya Kiingereza, na jambo hilo linanikera kwa sababu washindi wetu wapo. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, iliyoanzishwa 1974 na wachapishaji wa Kenya, ina kundi la vitabu vya vijana kwa Kiswahili, na Ken Walibora aliwahi kuishinda. Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa kutoka Kanada, ilianza Tanzania mwaka 2008 ikiwatafuta waandishi wanaowaandikia vijana, na vitabu vilivyoshinda vilisambazwa shuleni. Ndiko alikong'ara Nahida Esmail kwa vitabu kama The Detectives of Shangani, upelelezi wa watoto katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Lakini tuzo hiyo nayo ilianza kwa vitabu vya Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, ilianza na riwaya na ushairi wa Kiswahili, na inastahili kuwa na mlango wake mahsusi wa riwaya za vijana.

Kijana wa Kahama au wa Kilifi anayetaka kuwasoma washindi wetu wa Kiswahili mmoja baada ya mwingine hana pa kuanzia. Majina yametawanyika katika magazeti ya zamani, na vitabu vingine havipatikani madukani miaka michache baada ya sherehe. Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia tuzo hizi waweke orodha kamili mahali pamoja, mwaka, jina la kitabu na mwandishi, tena bure. Nawaomba wachapishaji wasiache kitabu kilichoshinda kikaisha dukani. Nawe msomaji, usisubiri hayo yatimie. Uliza katika duka la vitabu lililo karibu nawe kitabu kimoja cha Kiswahili cha vijana kilichowahi kushinda tuzo, kinunue, kisome, kisha kimkabidhi kijana wa nyumbani kwako.